Boliti ya Juu

Mkizi ni samaki mwenye hasira za karibu. Akighadhibika huruka juu ya maji, na mara nyingine huangukia ndani ya chombo cha mvuvi ambaye hakuhitaji hata kutupa ndoano. Wahenga waliliona hilo wakatunga methali. Laiti Petroli angeikumbuka Jumamosi ile uani kwake!

Petroli hakupewa jina hilo na wazazi wake. Majirani ndio waliomwita hivyo kwa kuwa alishika moto upesi. Alibeba mizigo kwa gari kuukuu la porini aliloachiwa na marehemu baba yake, gari lililopanda njia za mawe bila kulalamika. Mwalimu mkuu wa shule ya mlimani alikuwa amemwahidi kazi ya kupeleka chakula cha wanafunzi mwaka mzima. Sharti lilikuwa moja tu: Jumatatu asubuhi gari lifike shuleni likiwa zima. Lisipofika, kazi ingekwenda kwa Kijiti, jirani yake mwenye gari kama hilo, mtu aliyetafuna kijiti cha meno kutwa nzima.

Na gari lilikuwa bovu. Oili ilivuja nyuma ya injini ikalowesha klachi, likawa linanguruma bila kusogea. Dawa ilikuwa kuitoa injini yote, kubadilisha mpira unaozuia oili, kisha kuirudisha. Basi Petroli na dada yake mdogo wakasimamisha mabomba matatu ya chuma juu ya gari, wakaning'iniza mnyororo wa kunyanyulia, wakaanza kazi.

Baba yao aliwaachia desturi moja. Hakutia boliti kwenye kopo. Alichora umbo la injini juu ya katoni, akatoboa tundu kwa kila boliti, na kila aliyoifungua akaichomeka mahali pake. "Katoni haisahau," alizoea kusema. Siku hiyo dada ndiye aliyeishika. Rejeta ilitoka, nyaya zikatoka, hata ndugu wale wakawa wanataniana.

Ndipo kichwa cha Kijiti kilipochomoza juu ya ukuta.

"Hamjambo, mafundi? Naona mnampasua mgonjwa bila daktari!"

"Hatujambo," dada akajibu. "Tuache tufanye kazi, jirani."

"Nawapa pole tu. Marehemu mzee alikuwa fundi kweli, lakini ufundi haurithiwi kama shamba. Hebu niambie, Petroli, umewahi kufunga hata baiskeli ikatembea?"

Maneno matupu ya mtu anayetafuna kijiti! Lakini Petroli alihisi damu ikimchemka. Akaitupa spana, akaukamata mnyororo.

"Leo utajua fundi ni nani! Inatoka sasa hivi, na wewe ukiwa hapo hapo!"

"Kaka, ngoja," dada akasema. "Tundu moja bado tupu. Ile boliti ya juu inayofunga injini na giaboksi. Haionekani mpaka upapase."

"Na wewe unanifundisha?"

"Si mimi. Ni katoni ya baba."

"Nyamaza!"

Akaipiga katoni teke. Boliti zikatawanyika mchangani, kubwa kwa ndogo. Kisha akavuta mnyororo. Injini ikainuka mbele, ikagoma nyuma. Mtu mwenye akili timamu angejiuliza kwa nini. Petroli alivuta tena, mishipa imemtoka shingoni, na Kijiti kule ukutani akimhimiza: "Vuta, mwanaume! Vuta!"

Ukasikika mlio mkavu kama wa sahani kuvunjika. Ganda la giaboksi lilikuwa limepasuka, na kipande chake kikaning'inia kwenye boliti ya juu, iliyokaza vilevile kama baba alivyoifunga.

Kijiti alishuka ukutani. Alikuwa amekipata alichokifuata.

"Hongera, kaka," dada akasema kwa ghadhabu. "Haya, umemshinda nani?"

Jumapili nzima walitafuta giaboksi ya gari kuukuu kama lile, wasipate.

Jumatatu asubuhi gari la Kijiti lilisimama langoni kwa Petroli, limejaa magunia.

"Jirani, kazi ya shule nimepewa mimi. Natafuta mtu wa kupakua mizigo. Unakuja?"

Hasira zilimpanda Petroli hadi kooni. Alitamani kumng'oa Kijiti kwenye usukani. Dada, aliyekuwa amechuchumaa mchangani akirudisha boliti kwenye matundu yake, aliinua macho akamtazama tu. Ndani ya nyumba watoto wake Petroli walikuwa wakiulizia chai.

Akazimeza hasira zake, siku mbili baada ya wakati wake. Akapanda nyuma ya gari la Kijiti, akaketi juu ya magunia ambayo yangekuwa mzigo wake mwenyewe. Mbele, Kijiti alikuwa akipiga mluzi. Kweli, hasira za mkizi, furaha ya mvuvi.