Bonge la Udongo la Ismaël

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, kwani macho huishia barazani na uzuri umekaa ndani. Kasongo nzima ilijionea hayo siku ya posa ya Subira, enzi za Wabelgiji na pamba zao za lazima.

Kwa mama yake, Aziza, samaki wa posa sharti afike akipumua. Akifika mfu, mchumba asirudi tena. Kiangazi hicho wachumba walikuwa wawili. Alimasi, karani wa duka, alikuwa nadhifu kama sahani ya wageni. Ismaël alikuwa mkulima wa Lusangi, mikono imechanika kwa pamba, na ndiye aliyeukalia moyo wa Subira.

Uani palifurika watu. Alimasi alitua kikapu cha kupendeza, kimefunikwa kitambaa cheupe. Ismaël akatua bonge la udongo mkavu, gumu kama tofali.

"Weye mutoto," Aziza alimaka, "tumekuitisha samaki, unatuletea ukuta?"

"Labda atatujengea jiko!" Faida, shangazi wa Subira, akadakia, watu wakaangua kicheko. Subira alitamani ardhi immeze.

Kikafunuliwa kikapu kwanza. Samaki wake, waliotoka mtoni Nyangwe, walikuwa wamepigwa na jua la njia nzima. Harufu ilipotoka, wageni wa mbele wakawa wa nyuma. Alimasi akainamisha kichwa.

"Mama mukwe," Ismaël akasema kwa upole, "naomba karai la maji."

"Mukwe wa nani? Bado!"

Lakini Subira alikwisha kulileta.

Bonge likazama, likalainika, likameguka. Ndani mkaonekana ganda jembamba kama karatasi, na ndani ya ganda samaki mrefu aliyejikunja, mkia umemfunika uso. Hakutikisika.

"Maiti na sanda yake," Faida akanong'ona. Subira akashika ukingo wa karai kwa nguvu.

Mara samaki akainua pua juu ya maji, akavuta hewa kwa mlio, kama mtoto anyonyaye.

"Ni kamongo," Ismaël akaeleza. "Kinamasi chetu kikikauka hujizika topeni, akaacha kitundu cha kupumulia, akalala akingoja mvua. Sisi tunamuvua kwa jembe."

Aziza akainama kumgusa. Samaki akapiga mkia, akamlowesha kilemba. Mama wa watu akacheka hadi machozi.

"Huyu iko muzima kuliko sisi! Subira, mutandikie mukwe wangu mukeka!"

Hakika, nyumba njema si mlango. Fungua uingie ndani.