Kwa Nini Watu wa Ighonja Hupigia Hodi Nyumba Tupu

Mgeni akifika kwetu Ighonja, huku juu kwenye milima ya Upare, jambo la kwanza kumchekesha ni hili: mtu anatoka shambani, anafika mlangoni pake mwenyewe, anajua hakuna mtu ndani, na bado anapiga hodi. Anatua mzigo, anasubiri kidogo, ndipo anaingia. Mabibi harusi wanaoolewa huku hudhani tunawatania. Basi nieleze kama nilivyoelezwa na shangazi yangu. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo msinidai mwaka wala ushahidi.

Zamani haikuwa hivyo. Hodi ilikuwa ya nyumba za watu. Kwako ulisukuma mlango ukaingia, na nyumba isiyo na mtu ilikuwa nyumba tupu, basi.

Wakati huo alikuwepo kijana mmoja, Senkondo, na mkewe Nakiete. Nakiete alijifungua mtoto wa kiume, wakamwita Kajiru, na kabla mtoto hajaweza kuinua shingo mama yake akafariki. Walimzika kwenye migomba nyuma ya nyumba. Mtoto akabaki kwa bibi yake, Namcharo, mama yake Senkondo. Bibi alimpa maziwa ya mbuzi, akayatema. Alimpa uji mwepesi, akautema. Majirani wenye watoto wachanga walijaribu kumnyonyesha, akageuza uso. Alinyong'onyea mpaka ngozi ikamzidi mwili, na watu wakaanza kusema na Senkondo kwa sauti ya chini, kama vile msiba wa pili umeshafika.

Kisha mtoto akaanza kunawiri.

Namcharo ndiye aliyeona kwanza. Senkondo alikuwa akienda kwenye ndiva, lile bwawa ambamo sisi hukusanya maji ya mlimani na kuyafungulia mashamba kwa zamu. Bibi alibaki uani akichambua maharage, mtoto amelala ndani. Mtoto akilia, kabla bibi hajainuka na magoti yake mabovu, kilio kinakatika. Akiingia anamkuta ameshiba, midomo ina maziwa, na mkeka kando yake una joto, kama mahali alipoketi mtu. Bibi hakupiga kelele. Kuanzia hapo, kila alipotaka kuingia alisimama mlangoni akasema, "Hodi, mkaza mwanangu," akasubiri, ndipo akaingia.

Akamwambia na mwanawe apige hodi. Senkondo akacheka, mara ya kwanza tangu msiba.

"Mama, nipige hodi kwangu, anikaribishe nani? Panya?"

Namcharo hakumweleza zaidi. Aliogopa kwamba akilitaja jambo lile, litakoma.

Siku moja zamu ya maji ilikuwa ya Senkondo, na wanaume wengine walikuwa wameketi kwenye ukingo wa ndiva wakingoja zao. Mrutu, jirani yake, mtu wa mdomo sana, akamwambia, "Senkondo, hebu tufundishe. Wangu ana mama, na mbavu zake unazihesabu. Wako hana, na mashavu kama boga. Unamlisha nini?"

"Uji wa Mama."

"Uji! Bwana wee, kuna mwanamke anaingia kwako ukiwa huku. Mke wangu amemwona mgongo, anapita kwenye migomba."

Wanaume wakacheka. Senkondo hakucheka. Alitupa jembe, akaacha maji yakitapanyika shambani bila wa kuyaelekeza, akapanda mbio kuelekea nyumbani kwake. Alichowaza ni mchawi, anayemnenepesha mtoto kwa haja zake.

Mama yake alimwona anavyokuja. Alisimama, maharage yakamwagika kutoka kwenye ungo.

"Piga hodi, mwanangu. Nakuomba, piga hodi."

"Nyumba hii nimeijenga mimi," alisema Senkondo, akausukuma mlango.

Hakuona mengi. Aliona mgongo wa mwanamke akiondoka kuelekea ukuta wa nyuma, ambako hapakuwa na mlango. Shingo ile aliijua. Uso hakuuona, hakugeuka. Kisha hapakuwa na mtu, ila mtoto kinywa wazi, maziwa yakimtiririka shavuni mpaka kwenye mkeka. Mtoto akaanza kulia, na safari hii kilio hakikukatika.

Siku zilizofuata Kajiru alikataa kila kitu, kama mwanzo. Mashavu yakashuka. Ndipo Namcharo alipomweleza mwanawe yote. Senkondo akaketi nje ya mlango wake akipiga hodi kutwa nzima, "Hodi, Nakiete. Hodi, mama Kajiru." Waliopita njiani walicheka, kisha wakaacha kucheka.

"Unamwita huku umekalia mlango," mama yake alimwambia mwishowe. "Atapitaje? Nenda shambani kama mtu mwingine."

Akaenda. Alilima hata hajui analima nini. Jua lilipoelekea upande wa pili alirudi, akampita mama yake uani, akasimama mlangoni. Ndani kulikuwa kimya. Mtoto aliyekuwa akilia muda wote sasa hasikiki. Senkondo alijua ukimya ule una maana mbili, na moja kati ya hizo hakuweza kuivumilia. Mkono wake ulikuwa tayari juu ya mlango. Pia alitaka kumwona mkewe, tusimsingizie ushujaa, alitaka kuuona uso wake hata mara moja tu. Kusukuma kidogo kungetosha.

Aliushusha mkono. "Hodi," alisema.

Akasubiri. Mama yake alikuwa ameacha kuchambua. Ndipo wote wawili wakasikia, kutoka ndani, mtoto akicheua, ile sauti ndogo ya mtoto aliyeshiba akabebwa begani, akapigwapigwa mgongo.

Hakuingia mpaka aliposikia mkeka unalaliwa. Alimkuta Kajiru peke yake, amelala, maziwa kwenye kidevu. Iliendelea hivyo mpaka mtoto alipoota meno na kuanza kula makande kwa mkono wake mwenyewe. Senkondo hakumwona Nakiete tena. Wala hakuacha hodi, hata alipozeeka, na majirani wakaiga, Mrutu akiwa wa kwanza.

Mchungaji wetu anafundisha kwamba wafu wamelala hadi siku ya parapanda. Nami naamini hivyo, na Mungu anisamehe pale ninapoamini na hili. Lakini tangu jioni ile hakuna mtu wa Ighonja anayeingia nyumba tupu kimya kimya. Siku hizi tuna milango ya chuma na makufuli. Ufunguo ninao mkononi, na mimi ndiye niliyefunga asubuhi. Natua mzigo, napiga hodi, nasubiri kiasi cha mtu kumlaza mtoto. Kisha nafungua.