Machela ya Miji Minne

Hapo zamani, na anayebisha na akabishe kwao, palikuwa na nchi changa ya miji minne iliyomfukuza mfalme wake dhalimu. Kwa kumwogopa mwingine kama yule, wakaandika Kanuni: jambo la nchi lisifanyike mpaka miji yote ikubali, na Jumbe Mkuu ashauri tu, asiamrishe. Jumbe mwenyewe, Fakihi bin Shali, ndiye aliyeitunga, akaipenda kuliko wakeze.

Basi ikawa daraja la mto limebomoka na halijengwi, kwa kuwa kila mara mji mmoja hautaki. Makungu, fukara mwenye kanzu moja na ulimi usiolala, akasema barazani, "Kanuni nzuri hii, ila haitembei." Maneno yakamfikia Jumbe, naye Makungu akaitwa.

"Ewe Makungu! Nionyeshe leo hii kasoro ya Kanuni yangu, bila kuivunja hata herufi. Ukishindwa, utahama nchi, wewe na mkeo."

Makungu akamkumbuka mkewe, maana siku zake za kujifungua zilikuwa zimewadia. Lakini uso akaukunjua. "Nimesikia na kutii, bwana wangu. Nipe tu ruhusa niisimamie machela yako uendapo harusini leo."

Harusi yenyewe ilikuwa ng'ambo ya mto. Makungu akawaacha wapagazi wa nyumbani, akatwaa wanne, mmoja wa kila mji. "Safari ya Jumbe ni jambo la nchi," akawaambia. "Ishikeni Kanuni."

Wakaingia mtoni kwa nyimbo, Jumbe akining'inia kwenye machela kwa joho la hariri. Katikati ya mto Makungu akauliza kwa adabu, "Waungwana, tutokee kulia penye mawe, au kushoto penye tope?"

"Kulia!"

"Kushoto, ndiko kwetu!"

"Mimi sina ruhusa, niacheni nikawaulize wazee."

Wa nne akasema mji wake ungependa kurudi.

Kumbe bara mvua imenyesha, na maji yanapanda. Yakamlowesha Jumbe makalio, kisha mkanda. "Nendeni kulia, wajinga nyie!"

"Bwana wangu," akasema Makungu, naye maji yamfika kifuani, "hiyo ni amri au ushauri?"

"Ushauri!"

"Tumeupokea kwa heshima. Waungwana, mwasemaje?"

Mabishano yakaanza upya.

"Makungu, nakufa!"

"Hasha, bwana wangu! Hufi mpaka miji yote ikubali."

Maji yalipogusa ndevu, Jumbe akanguruma, "Amri! Naamuru, kulia!" Wakatoka mbio mpaka ukingoni.

"Nani ameivunja Kanuni, bwana wangu?" akauliza Makungu.

Jumbe akamtazama, ndevu zikimchuruzika, kisha akacheka mpaka kilemba kikaanguka. Akamvika joho lake, likiwa bado linatiririka, akamwambia, "Nenda kwa mkeo, hapana wa kukuhamisha."

Ikaandikwa Kanuni mpya: hatari ikija, Jumbe aamrishe, na ikiisha aulizwe na wote, na akikosea aondolewe; na kwa mambo mengine, miji mitatu ikikubali yatosha. Daraja likajengwa kwa miji mitatu kukubali. Ule wa nne watu wake hulipita mpaka leo wakinuna, lakini hulipita.