Udaktari Usio na Dawa

Sikieni, wapendwa. Binti mmoja alitoka kwao akaenda kusoma miaka sita. Kazi yake ilikuwa kuifundisha kompyuta ichambue kemikali kwa maelfu na kukisia ipi yaweza kuua vijidudu vya kifua kikuu. Kompyuta ikamtajia arobaini. Maabara ikazikataa thelathini na tisa. Ile moja iliyobaki iliua vijidudu kweli, ikaharibu na maini ya panya wa majaribio. Hata hivyo akaandika kitabu chake cha utafiti, akahojiwa na maprofesa, akafaulu. Akaitwa daktari.

Aliporudi nyumbani, wazazi wakamfanyia sherehe. Watu wanampongeza, yeye anatabasamu, na moyoni anajiuliza: wananipongeza kwa lipi hasa?

Akaja mama mmoja jirani kumpa mkono, amekonda, kajiziba mdomo kwa leso.

"Mwanangu, wanasema wewe ni daktari wa kifua."

"Hapana, mama. Mimi natafuta dawa mpya kwa kompyuta."

"Umeipata?"

"Bado."

"Pole, mwanangu. Mimi yangu ilishapatikana zamani. Iko zahanati. Niliiacha baada ya kuinywa miezi miwili, miguu ikashindwa kile kilima cha kwendea huko."

Binti akabaki na sahani mkononi. Miaka sita! Acheke? Alie? Aombe radhi, na kwa kosa gani?

Kesho yake akampakia mama kwenye bajaji, wakapanda kilima hadi zahanati. Muuguzi akasema dawa zipo, ila mama apimwe upya. Kisha akashika kalamu, akamuuliza binti, "Wewe ni nani wake?" Daktari mzima akaandikwa: jirani.

Yule mama alianza tena dawa, akamaliza, akapona. Binti akarudi maabara, na hadi leo hajui kama ile miaka sita ilikuwa hasara. Mkiniuliza mimi, nami sijui. Dawa mpya lazima mtu azitafute, na anayetangulia kutafuta mara nyingi hurudi mikono mitupu.

Lakini nawaona mnavyomtikisia kichwa msomi wetu. Ngojeni. Yeye alikuwa mbali. Sisi je? Sisi ndio tulioishi na yule mama ukuta kwa ukuta. Kwenye sherehe ile ile, alipokohoa, tulisogeza viti vyetu. Kumsindikiza mtu kilimani kunahitaji shahada gani?

Usiniitikie Amina, ndugu yangu. Kwanza nitajie jina la jirani yako wa mlango wa pili, na siku uliyobisha hodi kwake mara ya mwisho.