Sungura na Filamu Isiyoteuliwa

Zama hizo, ambazo si za kale sana maana jenereta zilikwisha kuingia porini, jua liliwaka miezi saba mfululizo. Mto ulibaki mchanga mtupu. Asubuhi wanyama walichimba maji ya kunywa, na mchana walikosa la kufanya. Faraja yao ilikuwa moja tu: banda umiza la Nguchiro, lenye mabenchi ya kuumiza makalio na televisheni moja iliyofungwa kwa kamba juu ya kichuguu.

Filamu zilitoka ng'ambo ya milima, kwa lugha ambazo hakuna mnyama aliyezijua. Kwa hiyo Nguchiro alimwajiri Bi Kasuku. Yeye alikaa kando ya televisheni na kipaza sauti, akawasemea wote waliomo kwenye picha: majambazi, wachumba, wakwe, hata mbwa wa jirani. Watazamaji walilia mpaka wakasahau kiu.

Mwenye benchi la mbele alikuwa Sungura. Aliamini kwamba kwa mambo ya filamu hakuna wa kumfundisha. Filamu aliyoitazama mara moja aliisimulia mara tano, na alimfuata asiyetaka kusikiliza mpaka kisimani. Nitamsema kwa upole, maana ugonjwa huo ninao na mimi.

Mwaka huo aliipenda filamu moja kupita kiasi. Iliitwa *Nyati Hasahau*, naye aliitazama mara kumi na moja. Basi Simba na majaji wake walipobandika mlangoni mwa banda orodha ya filamu zilizoteuliwa kuwania tuzo ya Mkia wa Dhahabu, Sungura ndiye aliyefika wa kwanza.

"Tano!" alipiga kelele. "Tano, na zote za simba! Hii ya tatu, simba amelala toka mwanzo hadi mwisho!"

"Lakini amelala vizuri," akasema Fisi, karani wa majaji.

"Na *Nyati Hasahau* iko wapi? Haki ya Mungu, isipoingia kwenye orodha hii, mimi na banda hili basi! Sikanyagi tena!"

Kiapo hicho alikula kila mwaka, na kila mwaka kesho yake alikuwa benchi la mbele. Safari hii Nguchiro alikuwa amechoshwa na kelele. Alichukua mkaa, akakiandika kiapo ubaoni mbele ya wote.

"Umesema mwenyewe, Sungura. Filamu isipoingia, na wewe usiingie."

Sungura alirudi kwake masikio yamelala. Bila banda, maisha yake yalikuwa jua na vumbi tu. Aliogopa kweli. Na Sungura akiogopa, huwa hatubu, hufanya hila. Jioni alimwendea Fisi.

"Mjomba, karani hawezi kuongeza mstari mmoja tu chini ya orodha?"

"Kalamu yangu nzito, mpwa wangu. Inataka mafuta."

"Mafuta gani?"

"Ya ubavu."

Sungura alimbembeleza Tai mpaka akapata ubavu wa nyumbu. Fisi aliumaliza palepale, mfupa na yote.

"Na wa pili?" akauliza.

"Wa pili utaupata ukiisifia filamu yangu mbele ya Simba."

Fisi aliiandika orodha upya, *Nyati Hasahau* ikiwa namba sita. Simba alitia alama ya ukucha bila kusoma mpaka chini, maana alipoona filamu tano za simba alitosheka. Sungura alitembea wiki nzima kifua mbele, akiwaeleza wenzake kwamba hatimaye majaji wameanza kuelewa sanaa.

Siku ya kutoa tuzo, banda lilijaa. Simba aliingia amechana manyoya, akamwona Bi Kasuku akisafisha koo.

"Huyu nani?"

"Ndiye msemaji wa filamu, Mheshimiwa," akajibu Nguchiro.

"Nikitazama mimi, hasemi mwingine. Anyamaze."

Filamu za simba hazikuharibika, kwani zilikuwa ngurumo tupu. Kisha ikaja *Nyati Hasahau*. Nyati alitoka majanini, akasimama. Akatazama kilima. Akasema, "Mmm." Mvua ikanyesha, ikakatika. Nyati akaendelea kutazama kilima.

"Subirini," Sungura aliwanong'oneza walio nyuma. "Sasa hivi anapigana na mamba mtoni."

Nyati alifika mtoni, akainama, akanywa maji. Mamba hakuwapo. Mama mkwe mwenye wivu, yule aliyemliza Sungura mara kumi na moja, alikuwa ng'ombe mpita njia. Muda si muda ikasikika sauti ya kukoroma. Wote waligeuka wamtafute mwenye usingizi. Alikuwa benchi la mbele.

"Mwamsheni," Simba akaamuru. "Sungura, kitu hiki kimeingiaje kwenye orodha yangu?"

"Kwa ubora wake, Mheshimiwa," Sungura akajibu, macho bado yamefumbwa. Banda zima likaangua kicheko.

Fisi aliona ubavu wake unapotea, akaruka juu. "Mimi imenigusa sana, Mheshimiwa! Nzuri mno! Haya mpwa wangu, nimeshasifu, ubavu wa pili uko wapi?"

Simba hakuhitaji kuuliza zaidi. Palepale Fisi alivuliwa ukarani, namba sita ikafutwa, na Mkia wa Dhahabu ukaenda kwa simba aliyelala.

Nguchiro alinyoosha kidole ubaoni. Sungura alisimama.

"Mara kumi na moja," alisema, "nimemlilia nyati anayekunywa maji." Akajicheka mwenyewe kabla wengine hawajaanza. Kisha akamgeukia Bi Kasuku. "Kumbe utamu wote ulikuwa wako, mama."

"Nilikuwa natunga tu, mwanangu," akasema Bi Kasuku. "Kinyati chenyewe sijui kukisema."

Tangu siku hiyo Sungura hukaa nje, juani, sikio limebanwa kwenye ukuta wa makuti, akimsikiliza Bi Kasuku. Picha haoni hata moja, lakini humshika mkono kila apitaye na kumwambia kwamba filamu ya leo ndiyo bora kuliko zote, na majaji hawajui kitu.

Ukipenda, chongo huita kengeza.