Dungu Lililogeuzwa

Paukwa!

Hiyo ni pakawa au mnakohoa? Mmemaliza ugali wangu wote na samaki juu yake, halafu sauti hamna. Narudia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, angalau. Sogeeni motoni, na mwenye usingizi asinilalie begani. Leo nilikusudia kuwapa ngano ya sungura, lakini Mwanaidi karudi kazini kanuna, katupa mkoba mlangoni, ati hataki tena kushona, ati cherehani anazichukia zote. Cherehani zimekukosea nini, mjukuu wangu? Mwaka jana ulikuwa unashona huku unaimba. Basi sungura atasubiri. Nitawapa ya Siwema, na asinikatize mtu.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanasema nasi, palikuwa na kijiji bondeni kiitwacho Kitopeni. Watu wa Kitopeni walilima mpunga, mpunga mtupu. Mpunga ukikubali, wanakula mwaka mzima. Mpunga ukiharibika, wanakwenda porini kuchimba ming'oko, ile mizizi ya njaa, na mnajua wenyewe kuchimba ming'oko kulivyo: unachimba tangu asubuhi, unapata ya kujaza kiganja.

Sasa adui wa mpunga ni kwelea. Kwelea ni kidege kidogo hivi, mdomo mwekundu, lakini hawaji wawili watatu. Wanakuja kama moshi. Ndiyo maana watu wa Kitopeni walijenga dungu katikati ya bonde, kijukwaa kirefu chenye miguu minne na paa la makuti, na juu ya dungu walimweka mtu wa kuamia ndege, awafukuze wasile. Mtu huyo alikuwa Siwema.

Siwema alikuwa mama wa makamo, mwembamba, sauti kubwa. Alikuwa na kombeo lake na rundo la vidonge vya udongo mkavu, na alikuwa na nyimbo. Nyimbo alizitunga mwenyewe, palepale, kwa kuwatazama ndege.

*Kwelea we, kwelea,*
*jana ulikula wapi?*
*Leo umevimba shavu,*
*kesho utaruka vipi?*

Halafu kombeo: vuu! Na kwelea wanaruka, na Siwema anacheka, na kwelea nao wanacheka wakienda zao. Aliwajua mmoja mmoja. Alijua kundi la asubuhi linatokea upande wa matete na kundi la jioni linatokea upande wa kilima. Alijua yupi mwoga na yupi mkaidi. Mkubwa wao alikuwa dume mmoja mkia mfupi, na Siwema alimtukana kwa jina, kila siku tusi jipya.

Na mavuno yalipofika, kulikuwa na desturi. Mpunga wa kwanza, ule ambao haujakauka vizuri, ulikaangwa ukatwangwa ukawa pepeta. Kabla mtu yeyote hajatia mkono, jumbe wa kijiji aliteka konzi ya kwanza, akaipeleka kwa Siwema kwa mikono miwili, na watu wote wakasema, "Tumekula kwa macho yako." Wakasema mara tatu. Siwema akapokea, akatafuna, akarudi nyumbani ametosheka. Hiyo konzi moja na maneno yale manne aliyangoja mwaka mzima.

Hata jumbe mzee akafa, akatawazwa jumbe mpya. Jina lake Mfaume.

Jumbe Mfaume hakuwa mtu mbaya. Ndiyo maana kila nikifika hapa nakasirika, maana mtu mbaya unamjua, unamkwepa. Huyu alitaka mambo yaende vizuri. Siku ya kwanza alikaa kwenye baraza lake, akasikia kicheko kutoka mashambani.

"Ni nani huyo anayecheka?" akauliza.

Juu ya paa la baraza alikuwepo Kunguru. Kunguru hakuwa na kazi, lakini macho alikuwa nayo. Akasema, "Ni Siwema, Jumbe wangu. Yuko kwenye dungu. Anaimba, anacheka, anaongea na ndege."

"Na kazi anafanya saa ngapi?"

"Hilo na mimi najiuliza, Jumbe wangu."

Jumbe Mfaume akakunja uso. "Mtu anayefanya kazi hacheki," akasema. "Mimi nilipokuwa nalima sikuwahi kucheka hata siku moja."

Mpunga ulikuwa umejaa bonde zima, jamani! Angeinua macho tu angeuona. Hakuinua macho. Akamfanya Kunguru mwangalizi wa dungu, akamtuma na amri.

Kunguru akatua ukingoni mwa dungu. "Bi Siwema, Jumbe anasema hivi: kila ndege wakija ukawafukuza, shuka, nenda barazani, useme, 'Wamekuja, nimewafukuza, wamekwenda.' Apate kujua kwamba unafanya kazi."

Siwema akamtazama. "Nikishuka, ndege wanarudi."

"Mimi nimetumwa tu."

Basi ndege wakaja, Siwema akawafukuza, akashuka ngazi, akavuka majaruba ya mpunga, matope mpaka magotini, akafika barazani. "Wamekuja, nimewafukuza, wamekwenda." Jumbe akatikisa kichwa, ameridhika. Siwema akarudi, akakuta kwelea wamejaa, wanakula. Akapanda, akawafukuza, akashuka, akaenda. "Wamekuja, nimewafukuza, wamekwenda." Akarudi, wamejaa. Siku nzima hivyo. Jioni miguu imevimba na jaruba zima upande wa matete limebaki mabua.

Kesho yake Kunguru akatua tena. "Bi Siwema, Jumbe anasema mpunga unapungua. Anadhani ni hizi nyimbo, zinakupotezea muda. Kuanzia leo usiimbe. Ndege wakija utasema 'Hoi!' Mara moja. Jumbe amelichagua neno hilo mwenyewe."

"Kwelea hawaogopi hoi," Siwema akasema. "Wanaogopa wasichokitarajia. Ndiyo maana kila siku nabadilisha."

"Mimi nimetumwa tu."

Basi Siwema akasema hoi. Siku ya kwanza kwelea waliruka kidogo. Siku ya pili waligeuza shingo. Siku ya tatu kwelea mdogo kabisa alimjibu "hoi," akaendelea kula. Na Siwema bado anashuka, anavuka matope, anasema wamekuja, nimewafukuza, wamekwenda, na moyoni anajua kwamba anasema uongo, kwa sababu hawajakwenda. Mtu aliyeijua kazi yake kuliko wote bondeni, amegeuzwa kuwa mtu wa kwenda na kurudi.

Siku ya tano Kunguru akatua. Safari hii hakumtazama usoni. "Bi Siwema, Jumbe anasema mpunga unazidi kupungua. Anasema akikaa barazani anaona mgongo wa dungu tu, hajui wewe unafanya nini. Dungu ligeuzwe. Upande wa wazi uelekee barazani, akuone."

"Na mpunga je?"

"Mpunga utakuwa nyuma yako."

"Kunguru," Siwema akasema polepole, "mimi ndiye ninayelinda mpunga. Unataka nimtazame Jumbe?"

"Mimi nimetumwa tu."

Wakaja mafundi, wakaligeuza dungu. Siwema akakaa juu, amemtazama Jumbe Mfaume, na Jumbe Mfaume amemtazama yeye, na nyuma yake bonde zima linaliwa. Alisikia midomo ikipasua punje. Alivumilia mpaka adhuhuri. Kisha akashuka, akavuka matope kwa mara ya mwisho, akalitundika kombeo kwenye nguzo ya baraza.

"Kazi yangu naipenda, Jumbe," akasema. "Hii uliyonipa siyo ile. Kwaheri, nakwenda nyumbani." Machozi yalikuwa yanamtoka, ya hasira tupu.

Mpunga ulikuwa bado siku kumi uvunwe.

Jumbe akamweka Kunguru kwenye dungu. Kunguru akasema hoi, akaruka barazani kutoa habari, na akiwa njiani na yeye akadokoa punje mbili tatu. Siku tatu zilipopita, nusu ya bonde ilikuwa imekwisha. Watu wakaanza kunong'ona habari za ming'oko.

Asubuhi moja Siwema anafagia ua wake, kidege kikatua kwenye kinu. Ni yule dume mkia mfupi, mkubwa wa kwelea, na tumbo lilikuwa limemshuka kweli.

"Bi Siwema," akasema, "rudi."

"Wewe? Wewe ndiye unayetumaliza!"

"Ndiyo, tunakula mpaka tunaumwa. Lakini hakuna raha tena. Zamani nikiiba punje kumi kwa jasho langu, usiku nilikuwa nawasimulia wanangu. Sasa nitawasimulia nini? Hoi?" Akatema ganda. "Na sisi kuiba ni kazi yetu, Bi Siwema. Mmetuharibia."

Siwema hakujua acheke au amtupie ufagio. Alipokuwa bado anawaza, watu wa kijiji wakaingia uani, wake kwa waume, na nyuma yao Jumbe Mfaume, ameshika kombeo kwa ncha mbili za vidole.

"Siwema," Jumbe akasema, "watu wanataka urudi. Mimi bado sioni ugumu uko wapi. Kazi ya kukaa juu na kupiga kelele!"

Watu wakaguna. Siwema akaegemeza ufagio ukutani.

"Nitarudi," akasema. "Sitaki chochote zaidi. Nataka siku moja tu. Wewe ukae kwenye dungu, mimi nikae kwenye baraza. Lakini kwanza ligeuzwe lilivyokuwa, nisikuonee."

Jumbe akacheka kwa mara ya kwanza tangu atawazwe. "Siku moja? Hata mbili!"

Kulipokucha, Jumbe akapanda dungu na kombeo lake. Siwema akakaa barazani, na kijiji kizima kikakaa naye. Kundi la kwanza likaja. "Hoi!" Jumbe akapiga kelele, akarusha kidonge, kikamrudia kichwani mwake, lakini ndege wakaruka.

"Kunguru," Siwema akasema, "nenda kamwite."

Jumbe akashuka, akavuka matope, akafika anahema. "Wamekuja, nimewafukuza, wamekwenda."

"Wamekwenda wapi?"

"Nitajuaje? Niko hapa!"

"Basi rudi ukaangalie."

Akarudi. Walikuwa wamerudi kabla yake. Akawafukuza kwa hoi, kwa mikono, kwa kilemba. Kunguru akatua. "Jumbe wangu, unaitwa barazani."

Jumbe akashuka, akavuka matope, akaanguka mara moja, akafika ana tope mpaka ndevuni. "Nimewafukuza, wamekuja, wame..."

"Anza upya," Siwema akasema. "Inaanza na wamekuja."

Jumbe akamtazama. Akaanza upya, akamaliza, akarudi kwa mbio, na safari hii aliona kwa macho yake: kwelea wanashuka kama moshi juu ya jaruba lililobaki zuri kuliko yote, jaruba la mama yake mwenyewe. Akapanda ngazi mbilimbili. Hoi haikusaidia. Akasahau neno lake.

"Wewe mdomo mwekundu!" akapiga kelele. "Mwizi usiye na haya, tumbo kama kibuyu, hata kuruka huwezi!" Vuu! Kidonge kikampata dume mkia mfupi kwenye mkia uleule mfupi, na kundi zima likapaa.

Kunguru akatua ukingoni mwa dungu. "Jumbe wangu, unaitwa..."

"Siji!"

"Siwema anasema..."

"Mwambie siji! Nikishuka wanakula! Mtu gani anamtoa mlinzi kwenye dungu ndege wakiwa hewani? Ana akili huyo?"

Bonde zima lilisikia. Na Jumbe naye akayasikia maneno yake mwenyewe, akakaa chini kwenye mbao za dungu.

Lakini kwelea hawakumpa nafasi ya kutafakari. Dume mkia mfupi akarudi kwa kupitia upande wa kilima, Jumbe akamwona, akamwimbia kitu kibaya sana, sitawaimbia mbele ya wakwe, akarusha, akakosa, dume akacheka. Na Jumbe Mfaume akacheka. Alicheka mpaka kilemba kikamwangukia matopeni.

Kunguru akaruka mbio mpaka barazani. "Bi Siwema! Aliye kwenye dungu anaimba na kucheka! Nadhani hafanyi kazi!"

Siwema akatazama bondeni.

"Mwache," akasema. "Ndiyo kwanza ameanza."

Siku ya pili Siwema akarudi kwenye dungu lake, na hakuna aliyemwita kokote. Wakavuna nusu ile iliyobaki. Mwaka ule Kitopeni walikula ming'oko miezi miwili, na Jumbe Mfaume alichimba pamoja nao, maana hata baada ya kujuta, mpunga uliokwisha kuliwa haurudi kwenye bua. Siku ya pepeta, aliteka konzi ya kwanza kwa mikono iliyojaa malengelenge ya kombeo, akampelekea Siwema, na watu wote wakasema, "Tumekula kwa macho yako. Tumekula kwa macho yako. Tumekula kwa macho yako." Sauti ya Jumbe ndiyo ilikuwa juu.

Na Kunguru? Kunguru hakurudishiwa kazi, kwa sababu hakuwahi kuwa nayo. Mpaka leo anatembeatembea nyuani kwetu, kichwa upande, anatazama nani anafua na nani anatwanga, na hajui kufua wala kutwanga.

Sasa wewe Mwanaidi, okota mkoba wako pale mlangoni. Cherehani haina kosa. Kesho mwambie huyo msimamizi wako anayesimama nyuma yako tangu asubuhi mpaka jioni akae yeye kwenye kiti chako, ashone kola moja tu, na wewe usimame nyuma yake umuulize kila tundu la sindano. Akikataa, rudi nyumbani tuchimbe ming'oko, mimi na wewe.

Ngano yangu nimeitua hapa. Iliyomgusa aibebe, na aliyesinzia begani kwangu aamke, mkono umekufa ganzi.