Kofia ya Fundi Ottavio

Hadithi hii aliisimulia kwanza babu yetu mzaa mama, Vitalis Kikoti, Jumatatu ya Pasaka mwaka 1971, sisi wajukuu tukimenya viazi. Naituma kama alivyoisema.

Mwaka 1956 babu alikuwa mkalimani wa Ottavio, fundi Mwitaliano aliyejenga wodi ya wazazi katika misheni moja ya Uheheni. Ikaja telegramu: mama yake Ottavio amefariki, na amekwisha kuzikwa.

Ottavio akawa hatoki chumbani. Siku tatu hakula. Watu walikuja, wakampa pole, wakaondoka. Babu akaanza kuogopa msiba wa pili.

Siku ya nne akaingia Kosmas Haule, mwashi Mngoni. Alichukua kofia ya Ottavio ukutani, akaivaa.

"Jitoto zima! Mama hayupo, sasa nani atakufuta kamasi?"

Ottavio akapauka. "Vitalis, mwambie huyu hana kazi tena. Aondoke leo."

"Fundi, msamehe," babu akasihi. "Ni mtani. Wangoni na sisi Wahehe tulipigana zamani, sasa tunataniana hata msibani. Kwake wewe unakula ugali wetu, basi ni Mhehe, na yeye ni rafiki yako."

"Rafiki?" Ottavio akasema. "Kwetu amico ni mtu ninayekunywa naye kahawa. Ni yule ajuaye siri zangu pia, na hata yule wa kunipitishia jambo ofisini. Waingereza nao, Bwana DC humwita friend hata mtu anayemnyima kibali. Maneno mapana hayo! Nionyeshe humo anapoingia mtu wa kumtukana mfiwa."

Haule akatoka na kofia kichwani.

"Na kofia naondoka nayo!" Haule akapaza sauti akiwa nje. "Kichwa chenyewe kitupu, ya nini?"

Kofia ile Ottavio alipewa na mama yake. Akachomoka na ubao mkononi. Haule akatimka, akigeuka kila mara kumtukana, wakapita tanuri la matofali, wakavuka kijito, mpaka nyumbani kwa Haule. Babu nyuma yao, anahema.

Uani palikuwa na vigoda vitatu, ugali unaofuka moshi, na kuku. Leokadia, mke wa Haule, alikuwa amesimama na birika la maji ya kunawa.

"Mmechelewa," akasema. "Aliniambia mtafika ugali haujapoa."

Haule akaivua kofia, akamrudishia mwenyewe kwa mikono miwili.

"Ningekualika ungekataa. Nawa, Mhehe wewe."

Ottavio akaweka ubao chini. Akanawa. Akala huku analia, wala hakuficha.

Kesho yake Haule alikuwa kazini kama kawaida. Babu alisema Ottavio hakumwita amico hata mara moja. Alimwita mtani, mpaka wodi ikaisha.

Ottavio alifia kwao mwaka 1983. Babu alifariki 1990, Haule 1997. Aliye hai ni Mama Leokadia peke yake. Nikienda kumwamkia hunitukana kwanza, halafu huniuliza kama nimekula.

Funzo: Usimpime rafiki kwa utamu wa jina unalomwita, mtazame yule anayekutoa ndani siku ambayo hutaki kula.